Jibu Alilolificha Opal

Caney Fork, Kentucky
Jumamosi, 15 Oktoba 2011

Mpendwa dada yangu Nadine,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji Carl mkiwa wazima huko Ohio. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema daktari anataka kulipasua, nawe umemwambia asubiri kwanza uvune nyanya. Nyanya zimeshapita sasa, dada, mpe mtu wa watu goti lake. Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka kama ilivyozoea, lakini nakula, nalala na asubuhi naamka, kwa hiyo sina la kumlalamikia Mungu.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, usikasirike, na mimi nikikatizwa huachia pale pale panapoanza kuwa pagumu. Safari hii nataka nifike mwisho.

Huku kwetu baridi imeanza. Miti ya mlimani imegeuka rangi, na juzi umande uliganda ukaunguza maharage ya mwisho bustanini. Sikuwahi kuyachuma. Opal wangu ndiye aliyejua yachumwe lini. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba ndoo na kusifu. Nyumba ni ile ile, ila siku hizi nasikia jokofu likinguruma, nasikia na mbao za sakafu zikijinyoosha, vitu ambavyo sikuvisikia miaka yote niliyokaa humu. Redio naiwasha nikienda kumlisha mbwa, ili nikirudi nikute mtu anazungumza ndani.

Jambo lililonishikisha kalamu ni hili. Kesho ni Jumapili ya ushuhuda, na mchungaji Lyle ameniomba nisimame mbele ya kanisa nieleze jinsi mimi na Opal tulivyokaa chini, tukaomba, tukakubaliana kwamba Mungu akimwita mmoja wetu, viungo vyake wapewe wagonjwa. Ndivyo nilivyokusimulia wewe siku ya mazishi, na ndivyo kaunti nzima inavyojua. Hilo lishike kwanza, nitalirudia.

Unakumbuka alivyoanguka Aprili katika jiko la kanisa, mwiko ukiwa mkononi. Mshipa ulipasuka kichwani. Walipomfikisha hospitali ya Lexington alikuwa bado na joto, na uso wake haukuwa umebadilika hata kidogo, ila daktari aliniambia ubongo umekufa na ni mashine tu inayovuta pumzi. Basi nimekaa pale, akaja mama mmoja mwenye sauti ya upole, akasogeza kiti, akanipa pole. Kisha akasema mke wangu alijiandikisha kutoa viungo vyake akifa. Akasema hakuja kuniomba ruhusa, maana Opal mwenyewe alishaitoa. Amekuja kunijulisha, na kuniuliza habari za afya yake.

Nikafungua mkoba wa Opal, nikatoa leseni yake ya udereva. Wanaokubali huwa na alama ya moyo kwenye kadi. Ya Opal haikuwa nayo. Nikamwonyesha yule mama kama mtu anayemwonyesha askari risiti. Akasema si wote wanaojiandikisha siku ya kuchukua leseni. Wengine hutumia namba ya leseni yao baadaye, mahali pengine, na alama husubiri kadi mpya. Akasema habari hizo hazifunguliwi na mtu yeyote mpaka mwenyewe afike pale alipokuwa amefika Opal.

Walichukua figo zote mbili, ini, na konea, vile vioo vya mbele ya macho yake. Vimekwenda kwa nani sikuambiwa, na waliovipata nao hawakuambiwa vimetoka wapi.

Sasa, mchungaji aliponiambia nijiandae na ushuhuda, alisema ingependeza nitaje na siku yenyewe tuliyoamua. Siku gani? Nikaona niende mahakamani kwenye dirisha la leseni nikamwulize Rhonda Skaggs, yule tuliyesoma naye, ambaye amekaa dirishani hapo tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu kweli kweli. Nilimkuta anakula biskuti. Nikamweleza ninachotaka. Alifuta vidole, akaniambia hawezi. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume. Akasema, “Wendell, hata Opal mwenyewe akifufuka leo akasimama hapo, nitamwomba kwanza kitambulisho.” Akaeleza kwamba wao huuliza tu swali, mtu akajibu, na jibu linakwenda mbele halirudi tena kwenye dirisha lake. “Mimi hata la mume wangu silijui,” akasema, “na nalala naye kitanda kimoja.”

Nikakasirika kidogo, nikasema hapa kwetu tangu lini mambo yamekuwa ya siri hivi. Akasema, “Ya kwako wewe hayajawahi kuwa siri. Ukiulizwa hapa unajibu mpaka mfungwa kule jela ya juu anasikia.” Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akacheka, akaiga sauti yangu: “Nitazikwa na vyote nilivyokuja navyo!” Ndiyo maneno yangu, dada. Kila mara niliyaimba pale kama wimbo, na watu walicheka, na Opal alikuwa nyuma yangu akisubiri zamu yake. Akiulizwa yeye, alisema tu, “Mimi kama yeye.”

Nikatoka hapo nikaenda kwa Verna Tackett. Verna humjui vizuri, ulikuwa umeshahamia Ohio. Ni yule aliyeendesha basi la shule, akaugua figo, akapewa ya kijana mmoja wa mbali ambaye hata jina halijui. Tangu apone, kila mwaka kwenye maonyesho ya kaunti huweka kibanda cha kuwaandikisha watu. Kibanda chake kinatazamana na cha kanisa letu, pale Opal alipouza maharage na mkate wa mahindi, na mimi nikapokea hela na kupiga soga.

Mwanzoni Verna alikuwa na karatasi tu juu ya meza. Mtu anaandika jina, la pili linafuata chini yake, na kila anayepita anasoma. Mimi nilisoma kuliko wote. Nikimwona mtu ameinama pale, nilipaza sauti kutoka upande wetu: “Verna, leo umepata maini mangapi?” Siku moja Estill Combs alijiandikisha, nikamwambia mbele ya mkewe, “Estill, ini hilo lililokaa kwenye bia miaka yote, nani atalitaka, labda wakafungulie baa?” Watu walicheka sana. Estill naye alicheka, lakini alirudi akakata jina lake. Opal alinisukumia bakuli akasema, “Kula, Wendell. Mdomo ukijaa hauumizi mtu.”

Mwaka uliofuata karatasi haikuwepo. Verna alikuwa ametundika shuka la maua kuwa pazia, na nyuma yake kuna kijikompyuta. Mtu anaingia, leseni yake inasomwa, anagusa ndiyo au hapana, anatoka. Jina halibaki mezani wala mahali pengine pa kuonekana. Na kila aliyeingia alipewa kipepeo cha karatasi cha kujipepea, awe amekubali, awe amekataa, awe ameingia kukwepa jua tu. Uwanja mzima ulikuwa na vipepeo, na mimi sikuwa na la kusema juu ya mtu.

Basi wiki iliyopita nimesimama kwenye baraza ya Verna, anamenya tufaha, hakuacha kumenya. Nilimwuliza kama Opal aliwahi kuingia nyuma ya pazia lile. Akasema waliingia wengi. Nikamwuliza tena. Akasema, “Siwezi kukwambia. Na ningeweza, nisingekwambia.” Nikamwambia sitaki jambo kubwa, nataka siku tu, mwaka tu, nimwambie mchungaji. Hapo akaweka kisu chini.

“Ndugu Wendell,” akasema, “unajua lile pazia tuliliweka kwa ajili ya nani?”

Nilisema ni kwa ajili ya sheria, siku hizi mambo ya watu yanalindwa. Akasema sheria inalinda yaliyomo ndani ya kompyuta, na hiyo haihitaji shuka. “Shuka ni langu, nilitoa kitandani kwangu. Niliweka kwa ajili yako. Watu walikuwa wakija kwangu nyumbani kwa mlango wa nyuma, wanaume wazima, wananiambia wangependa ila wewe umekaa pale ng’ambo.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayenieleza njia ya kwenda mjini. Kisha akasema, “Wewe hutafuti siku. Unatafuta kujua kama alikuwa anakuogopa. Hilo mashine yangu haiulizi.”

Alinipa pai nirudi nayo nyumbani. Bado iko mezani, sijaikata.

Dada, nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Kumpiga Opal sijawahi hata mara moja, Mungu ni shahidi, wala sikuwahi kumnyima kitu. Mkono wangu hakuuogopa. Ni mdomo. Aliishi miaka yote hiyo na mtu ambaye kila kitu akikipata anakifanya kichekesho cha watu, na alikuwa na jambo moja ambalo hakutaka lichekwe. Akalipeleka mahali ambapo mimi nisingeweza kulisoma. Wale waliotunga utaratibu ule walifikiria wezi na wafanyabiashara na sijui nani. Kumbe Opal alikuwa anajilinda na mimi, niliyekuwa nikilala upande wa ukutani.

Nimefika sasa pale nilipokwambia ushike.

Hatukukaa chini. Hatukuomba. Hatukukubaliana chochote. Sikujua lolote mpaka yule mama aliposogeza kiti. Aliponiuliza kama Opal aliwahi kuzungumza nami, niliona aibu mtu baki ajue zaidi yangu habari za mke wangu, nikamwambia ndiyo, tulizungumza. Nilidhani nimesema kwa mtu mmoja na imekwisha. Ulipofika wewe nikasema tena. Mchungaji akalisema mbele ya jeneza, watu wakalia, wakanikumbatia. Hata Estill alinikumbatia.

Na hili ndilo baya zaidi, ambalo hata Mungu namwambia kwa kuzungukazunguka. Uongo huo ndio unaoniletea wageni. Wajane wengine wanaume hapa waliletewa chakula wiki mbili, basi. Mimi mpaka leo wanakuja. Mtu analeta bakuli la tambi na jibini, anakaa, anasema, “Hebu nieleze tena, Ndugu Wendell, mliamuaje?” Nami naeleza. Nimeongeza na mvua, kwamba siku ile ilikuwa inanyesha. Nimeongeza na maneno ya Opal ambayo hakuyasema kamwe. Saa ile anayokaa mgeni silisikii jokofu. Akiondoka nabaki na Opal wa kutunga, na yule wangu anazidi kusogea mbali. Sauti yake inaanza kunipotea, Nadine, kwa sababu nimeijaza maneno yangu.

Kesho nitasimama niseme alifanya peke yake, na kwamba alinificha, na kwa nini. Nikisha kusema, sidhani watakuwa na sababu ya kuja tena. Sidhani vilevile waume wengine watanishukuru, maana wakiwa njiani kurudi kila mmoja atamwangalia mkewe. Naogopa. Naijua tabia yangu: nikiona nyuso zile zinanitabasamia naweza nikaanza tena habari za mvua.

Ndiyo maana barua hii naipeleka posta sasa hivi kabla hawajafunga, na nimeiandika kwako na si kwa mtu mwingine. Tangu tukiwa watoto hujawahi kulala na siri ya mtu. Ukiisoma utampigia binamu Lorene, Lorene atampigia mke wa mchungaji, na kufikia wiki ijayo itakuwa imejulikana bonde zima, niwe nimesema au nimeshindwa. Safari hii sikuombi ulinyamazie. Kama nitakuwa nimeshindwa, dada, wewe sema.

Usidhani pia nimebadilika nimekuwa mtu mwingine. Leseni yangu inaisha Machi, na kwa kweli sijui nitamjibu nini Rhonda. Bado naogopa kufufuka nikiwa pungufu, ingawa mchungaji amenieleza. Ila jibu lolote nitakalotoa, nitalisema kwa sauti ya chini, na hata wewe sitakwambia.

Nisalimie sana shemeji Carl, na wanao wote na wajukuu, na yule jirani yako aliyetoka Hazard anayetuma salamu kila mara. Msikilize daktari wako. Mungu awalinde, awape majira ya baridi mepesi. Niombee kesho, ingawa najua utakapokuwa unasoma hapa kesho itakuwa imeshapita, nami nitakuwa nimekaa humu ndani nikisikiliza kama kuna gari linapanda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Wendell