Maua Meupe Ndani ya Kamba

Chuoni, 11 Aprili 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila chakula cha huku kinanitia huzuni tu.

Mama, nimeipata nafasi! Tumechukuliwa wanafunzi wachache sana kufanya utafiti wa mimea kiangazi hiki, na Profesa Halvorsen amekubali nichunguze bonde letu la kemes. Nilimweleza jinsi Bibi alivyokuwa aking'oa maua meupe kila mwaka katikati ya yale ya buluu, kwa sababu ua likishanyauka huwezi kujua tunguu lipi ni kemes ya kula na lipi ni la sumu litakalokuua. Anataka kujua meupe yakiachwa, ya buluu yatafanyaje. Pale nilipozungushia zile kamba siku ya Pasaka ndipo sehemu yangu. Tafadhali, asing'oe mtu kitu ndani yake. Nikiharibikiwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jambo jingine, usinikasirikie. Karamu ya kuondoa matanga ya Bibi tuisogeze kutoka Juni hadi Oktoba. Juni nitakuwa milimani na Profesa kwa utafiti huo huo.

Ni mimi binti yako,
Twyla

Lapwai, 20 Aprili 1994

Mwanangu Twyla,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mjomba wako Leander, kwa hiyo pata picha mwenyewe.

Hongera sana. Nimewatangazia watu wote dukani, hata wasiouliza.

Kuhusu maua, ondoa hofu. Mimi ni mfiwa. Mpaka karamu iliwe siruhusiwi kuchimba wala kutia mguu bondeni, na hakuna mwingine hapa anayejua kuyang'oa. Nyumba iko kimya mno. Kitanda cha Bibi yako bado kipo, nguo zake zimefungwa zikisubiri kugawiwa siku hiyo. Juzi niliamka nikakuta matope mabichi barazani, na mvua haikunyesha.

Wewe unaisogeza karamu kama mtu anayesogeza kiti. Yeye atakaa wapi mpaka Oktoba? Unajua hawezi kwenda bila kuagwa. Lakini haya, wewe ndiye msomi.

Mama yako

Chuoni, 29 Mei 1994

Mama,

Natumai goti limepoa. Mimi sina raha.

Jumamosi nilikwenda bondeni moja kwa moja, sikupita nyumbani. Kote maua meupe yamesimama isipokuwa ndani ya kamba zangu. Humo halipo hata moja. Yamelazwa juu ya lile jiwe bapa, vichwa vyote upande wa mto, jinsi Bibi alivyokuwa akiyalaza. Mashimo yamefukiwa na kukanyagwa vizuri.

Anayejua kufanya hivyo umebaki wewe peke yako. Kama hukutaka karamu isogezwe, si ungesema tu? Umeniharibia kazi, halafu ukaniandikia kwamba wewe ni mfiwa huingii bondeni! Nimembembeleza Profesa, amenipa sehemu ya pili karibu na misonobari. Nimeshaifunga kamba. Nakuomba usiiguse.

Twyla

Lapwai, 19 Juni 1994

Mwanangu,

Salamu zako nilizipata. Nimekawia kujibu, kwanza kwa hasira, maana sijawahi kuitwa mwongo na mtoto niliyemzaa. Kisha kwa hofu.

Leander alinipeleka kwa gari asubuhi mpaka ukingo wa barabara, nikakaa humo humo, sikushuka. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nikamwona ameinama karibu na misonobari, ndani ya kamba zako mpya, amevaa ile skafu ya kijani tuliyomzika nayo. Leander akaniuliza, "Unatazama nini, dada?" Nikamwambia, "Kwani wewe huoni?" Akasema, "Naona majani yanacheza. Twende bwana, unanitisha."

Twyla, hana hasira. Hilo ndilo linaloniumiza. Ameona kamba, akadhani umeweka alama mahali utakapochimba, basi anakung'olea sumu. Mimi siruhusiwi kumsaidia, na wewe umekataza. Anang'oa moja, anashika kiuno, anapumzika, anang'oa jingine. Amechoka mno. Nilimwita. Hakugeuka.

Sikulazimishi uniamini. Nakuomba uje tumuage.

Mama yako

Chuoni, 24 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa maneno yale.

Sijui kama nakuamini. Lakini barua yako niliisomea ngazini nikashindwa kupanda. Na nikwambie ukweli, milima ilikuwa kisingizio pia. Karamu ikishaliwa, Bibi amekufa kabisa, na mimi sikutaka.

Nimemwambia Profesa siendi. Alisikitika, akampa nafasi mwenzangu aliyekuwa akiingoja. Nimelia sana, sikufichi.

Nakuja wiki hii. Mjomba atafute samaki wa kutosha watu wote. Mimi nitaanzia bondeni, nitoe zile kamba.

Binti yako,
Twyla

Lapwai, 30 Mei 1995

Mwanangu Twyla,

Habari za masomo? Huku hatujambo, goti ni lile lile, Leander ni yule yule.

Nimefurahi kwamba safari hii wamekupa tena nafasi. Tangu karamu ile nyumba imekuwa nyepesi. Nguo za Bibi nakutana nazo njiani, zimevaliwa na watu, na sasa naweza kuzitazama. Mimi mwenyewe nimeanza kuchimba, mikono inauma, nashukuru.

Nimechungulia sehemu yako kama ulivyoniomba. Mwambie Profesa utafiti u salama. Maua meupe yamejaa ndani ya kamba, yamesimama yote, mazuri ajabu. Hakuna aliyeyagusa.

Kuna kitu sijamwambia hata Leander. Naenda pale kila asubuhi kabla ukungu haujainuka. Nazunguka kamba zako, nayatazama moja moja. Natafuta japo moja lililong'olewa.

Mama yako