Gari la Mama Lililogawa Nyumba

Nyumbani kwetu,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Mkeo je, kikohozi kimepoa? Mama ameniagiza niulize hayo yote kabla sijaanza porojo zangu, na amesema nisipouliza atajua tu, maana ataisoma barua kabla sijaifunga. Sisi huku wazima. Baba naye anaendelea vizuri, na safari hii sisemi hivyo ili kukutoa wasiwasi.

Nianze na yeye, kwa kuwa ndiye uliyemuulizia. Baada ya kile kiharusi, kilichopona kwanza ni ulimi, na uliporudi ulirudi na makali yake yote. Mguu na mkono wa kushoto ndiyo iliyobaki nyuma. Alikuwa akitembea na fimbo, polepole, kutoka chumbani hadi kwenye kiti chake cha dirishani, na hapo anashinda. Kwenye simu hukuambiwa kwa nini aliacha kwenda kwenye mazoezi ya viungo. Alitukataza. Sasa ameniruhusu, basi nakueleza.

Unalikumbuka lile gari letu la zamani, refu, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Siku moja, mbele ya hospitali, Baba alishindwa kutoka ndani yake. Kiti kilikuwa chini mno, mguu hausukumi, na Mama peke yake hakumuweza. Wakaja walinzi na wapita njia, wakamvuta kwa makwapa kama gunia, pole mzee, pole mzee, kiatu kikamvuka, watu wanatazama. Mtu aliyeendesha mabasi ya masafa marefu miaka yote ile na kushusha abiria salama, leo yeye ndiye anashushwa hivyo. Aliporudi nyumbani alikaa dirishani akasema hatoki tena. Tulimbembeleza, tulimnunia, daktari alimpigia simu. Wapi!

Sasa njoo kwenye gari. Mama alipata kazi ya kushona mapazia ya hoteli nzima. Alipoimaliza akaliuza lile refu, akajazia, na Ijumaa moja akaingia uani na gari jipya, SUV, Mjomba, jipya kabisa, viti bado vimevalishwa nailoni. Hakuwa amemshauri mtu. Akazima injini, akashuka, akasimama pembeni akitusubiri tuseme.

Mimi, kama unavyojua, nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na nilipouona ule wavu wa mbele nilidhani mgonjwa amenifuata nyumbani. Ni mdomo mtupu! Mpana, mweusi, vyuma vimesimama kama meno ya bandia yasiyomkaa mwenyewe. Taa ni nyembamba, zimefinywa. Ubavu bapa, kona zote kama zilikatwa kwa rula, na nyuma limebebeshwa tairi la akiba mgongoni. Rangi yake kijani ya njegere, paa jeusi.

Mdogo wangu, yule fundi simu, alipagawa. Alilizunguka akilipapasa, akajipiga picha nalo hata kabla ya kumpa Mama hongera. "Dada, hii ndiyo sura ya sasa hivi," akaniambia. "Magari ya mviringo yameshapitwa." Shangazi, ambaye siku hizi anaishi nasi ili kumsaidia Mama kumtunza kaka yake, alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Limekasirika," akasema. "Gari gani hili linakutazama kama umelikosea?" Na tangu siku hiyo hapiti mbele yake, huzungukia nyuma.

Tukamtazama Baba dirishani. Yeye humwita Mama Fundi, na Mama humwita Dereva, hata sasa.

"Fundi," akasema, "umeleta kabati. Kabati limetiwa magurudumu. Lirudishe lilikotoka."

Jioni mezani ilikuwa vita. Mdogo wangu upande huu, Shangazi upande ule, chakula kinapoa. Mimi nikaunga mkono upande wa Shangazi, nikaigiza yale meno, watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Mama akanyanyuka sahani yake ikiwa nusu, akaingia chumba cha cherehani.

Nikamfuata, roho inanisuta. Hakuwa analia. Alikuwa anaikunja futi yake ya kushonea, anaikunjua, anaikunja tena.

"Nilimpima," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Nilimdanganya nataka kumshonea suruali. Nikapima kutoka sakafuni hadi anapokalia, nikazunguka maduka ya magari na futi mkononi. Wauzaji wananiuliza, mama, unataka kushona vitambaa vya viti? Mazuri yote yalikuwa chini. Mengine yako juu mpaka upande kwa ngazi. Hili peke yake ndilo kiti chake kiko sawa na nyonga yake, na mlango unafunguka wote." Akaiweka futi mezani. "Sura sikuitazama, mwanangu. Nilipolifikisha hapa nyumbani ndipo nilipoiona. Hata mimi nilishtuka."

Mjomba, nilicheka na machozi yananitoka. Nikamwambia twende sasa hivi tukamwambie Baba. Akanishika mkono. "Thubutu! Akijua nimempima kama dirisha, hapandi milele. Mwacheni alitukane, atachoka."

Lakini Baba hakuchoka. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa na tusi jipya. Leo ni friji, kesho ni kibanda cha tiketi. Sisi tulicheka, hata Mama alicheka, ila nikaona ameanza kuliegesha nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, ambako dirisha la Baba halifiki. Akitoka kupeleka mapazia kwa wateja, anatoka peke yake, na kile kiti cha pembeni bado kina nailoni yake. Hapo ndipo nilipoacha kuyaigiza yale meno.

Basi, Jumamosi ya tarehe mosi Mama akalileta mbele kuliosha, kwa sababu mpira wa maji haufiki nyuma. Mimi nilikuwa barazani na ndoo. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi, mtu wa masihara, na siku hiyo duka lilikuwa limejaa. Akatoka nje na wateja wake, mmoja shuka bado imemzunguka shingoni na kichwa kimenyolewa upande.

"Mama!" akaita. "Gari lako nani kalikanyaga usoni?"

Wakaangua kicheko. Akaona utani umekolea, akaongeza: "Mimi nikikutana nalo njiani nalipisha, nisije nikaumwa!"

Mama alicheka nao, lakini sifongo ilikuwa imesimama palepale kwenye boneti. Nikataka kumjibu yule mtu, na ndipo nikasikia fimbo nyuma yangu. Ko. Ko. Ko. Baba alikuwa ametoka. Nilimpisha kama mtu aliyeona mzuka. Akashika nguzo ya baraza.

"Wewe kinyozi!" akaguruma, sauti ile ya kuwaamsha abiria. "Wewe na magari wapi na wapi? Kazi yako ni vichwa, na hivyo vyenyewe unavinyoa mshazari!"

Yule wa shuka akajishika kichwa.

"Huo mdomo unaoucheka ndio unaovuta hewa. Injini inapumua! Na hizo kona zilizonyooka, aliyekaa kwenye usukani anajua gari lake linaishia wapi. Hayo ya mviringo mnayoyasifu, mnayaendesha kwa kubahatisha, ndiyo maana yote yamebonyea!"

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, namsikia anasema peke yake, "Haya makubwa."

Kinyozi akainua mikono. "Nimekoma, mzee wangu, nimekoma. Ila kama ni zuri hivyo, mbona hatujawahi kukuona ndani yake?"

Hakuwa na nia mbaya, hajui kitu. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye bampa. Mama alinitazama, nami nikatazama chini. Nilijua sasa atageuka arudi dirishani, na safari hii hatatoka kweli.

"Fundi," akasema Baba. "Fungua mlango."

Akashuka vile vipandio viwili vya baraza akiwa amening'inia begani kwangu. Alipofika garini akaniondoa. Akakigeuzia kiti mgongo, akatafuta ukingo kwa mkono mzima. Akakaa. Basi, Mjomba, akakaa tu, kama anavyokaa kwenye kiti chake mwenyewe, hakujirusha wala hakudidimia. Akauingiza mguu wa kulia, akaunyanyua wa kushoto kwa mkono. Hakuna aliyemgusa.

Akapapasa kiti, akatazama kizingiti cha mlango, akatazama umbali wa kiti na ardhi. Kisha akamtazama Mama aliyesimama na sifongo inamtiririkia miguuni.

"Ile suruali," akasema taratibu, "mbona sikuiona?"

Mama akakamua sifongo. "Kitambaa hakikutosha."

Baba akacheka. Kicheko chake siku hizi kimeegemea upande mmoja, lakini kilikuwa chake kilekile. "Haya, washa," akasema.

Mimi nilirukia nyuma na miguu yenye povu. Shangazi naye huyo, ametoka mbio na ndara za msalani. Nikamuuliza, si ulisema limekasirika? "Ukiwa ndani sura huioni," akanijibu, akajifunga mkanda. Kinyozi alitupungia ile shuka ya mteja mpaka tukakata kona.

Baba alimfundisha Mama kuendesha njia nzima, mwanamke ambaye ana leseni tangu mimi sijazaliwa. Tembea katikati. Mpishe huyo. Usimkabe wa mbele. Mama anaitikia ndiyo Dereva, sawa Dereva, anatabasamu. Baba akataka twende gereji ya mabasi, kazini kwake kwa zamani. Tulipoingia getini mafundi walitoka chini ya magari na ovaroli zao zimelowa oili, na madereva wenzake wakaacha mabasi yakinguruma. Alishuka mwenyewe. Miguu kwanza, fimbo, akasimama.

Walipomaliza kumkumbatia wakaligeukia gari, na huko nako wakagawanyika. Mmoja akasema ni basi lililodumaa. Mwingine akasema yeye angelipata angelala ndani. Mzee wa ofisi ya tiketi akauliza kama aliyelichora alikuwa amegombana na mkewe. Baba alisimama ameegemea boneti akibishana na wote kwa zamu, mpaka nikaona mguu unatetemeka. Kabla sijasema, akarudi kwenye kiti mwenyewe, akaacha mlango wazi, akaendelea kubishana akiwa ameketi.

Tangu hapo mazoezi ya viungo ameyarudia, Mama anampeleka na kumrudisha. Usidhani tumeelewana kuhusu sura, hapana. Mdogo wangu bado analisifu, Shangazi bado anapitia nyuma. Baba mwenyewe tukiwa peke yetu ni kabati lilelile, lakini mgeni asithubutu kulitaja hivyo mbele yake. Kinyozi alikuja kumwomba radhi, akamnyoa bure, na Baba akamkagua na kioo pande zote mbili.

Jana jioni Mama alikuwa anakata vitambaa, mimi nakunja, Baba amekaa nasi humu chumbani. Akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Fundi, kesho tunakwenda wapi?" Mkasi wa Mama ukasimama katikati ya kitambaa. Ilikuwa miezi Baba hajatamka neno kesho. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba kuna sufuria jikoni, nikawaacha.

Hayo ndiyo ya huku. Shangazi anakusalimu sana, na anasema ukija usilisifu gari mbele ya mdogo wangu, kichwa chake kimeshavimba cha kutosha. Mdogo wangu anakusalimu na anauliza ile simu yako yenye kioo kilichopasuka bado unaitumia. Mama anasema dada yako anakupenda, na ule mkono wa sindano bado unafanya kazi, tuma vipimo vya madirisha yenu. Msalimie sana mkeo na binamu zangu.

Nimekuwekea picha humu ndani. Baba ameitazama na kutingisha kichwa. Amesema nikuandikie hivi: gari hili halifai kupigwa picha, linafaa kupandwa, kwa hiyo omba likizo, yeye mwenyewe atakuja kukupokea.

Mungu awakinge na kila baya, na awatimizie mnayoyaomba mkiwa peke yenu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kufupisha maneno,

Kasuku, kama ulivyonibatiza mwenyewe.