Nilimujengea Kicheche Nyumba

Goma, kwenye inchi ya mawe

Kwa dada yangu Masika, mukubwa wangu, wewe uliyenibeba mugongoni nikiwa mutoto na kuniangusha, ndiyo maana nina hizi akili unazozilalamikia:

Jambo sana. Goti la kushoto linasemaje? Na kifua, kinakuachia usingizi? Mimi ningali ninapumua. Meno yaliyobaki yanatosha kwa viazi, hayatoshi kwa nyama, lakini nyama yenyewe haiji, kwa hiyo hatuna ugomvi. Na wewe katekista unayemusomea dada yangu, soma yote. Usiruke pale ninapotukana. Ninakufahamu tangu ulipokuwa unaiba miwa ya baba yetu.

Yule mama muuza viazi aliyeshuka na kamyo amenifikishia maneno yako. Alisimama mbele ya watu, mukono kiunoni kama wewe kabisa, akasema, "Dada yako anauliza kuku yake iko wapi, na wewe mwenyewe unarudi lini." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaingia ndani nikakaa.

Maswali ni mawili, jibu ni moja.

Ile kuku nyekundu haukunipa zawadi. Ulinipa ya kufuga kwa kugawana, kama watu wetu wanavyofanya: mufugaji anakula mayai, vifaranga munagawana, na siku ya kurudi analeta binti wa kuku, muzima, anayetembea kwa miguu yake. Ulisema, "Kambale, usipite mulango wangu bila binti ya kuku hii." Ulinifunga kamba, mwanamuke mwerevu, ukaifichia kwenye manyoya. Nikaja huku kutumika kwa muzungu, kumulimia maua ambayo hata mbuzi wake hayataki. Kuku yako akazaa vizuri. Uwanja ukajaa wajukuu wako wekundu.

Ndipo mwewe wakatuona. Mwewe wa hapa hawaogopi mutu, wanashuka kama askari wa kodi. Nikasema nitajenga lupango ya kuku, yenye kufungwa pande zote na juu. Huko kwetu hiyo ni kazi ya asubuhi: unachimba, unasimika muti, unarudi kula. Hapa nilipiga mutalimbo chini, mutalimbo ukapinda. Chini ni moto wa mulima ulioganda ukawa jiwe. Hata wafu wa hapa wanazikwa kwa taabu.

Basi nikafanya kama wenyeji. Niliokota mawe, yale meusi yenye matundu kama mukate, nikayapanga moja juu ya lingine bila udongo mpaka ukuta ukanifika kifuani. Juu nikatandika nyavu mbovu za wavuvi wa ziwa. Mwewe akaja, akatua juu ya nyavu, akaangalia chini kama mutu asiye na kitu mbele ya duka. Nilimucheka kwa sauti. Nikamwita jirani yangu Papa Bahati, mutu wa Masisi, aje aone. Akazunguka ukuta wote, mikono nyuma, akasema, "Muzee, umejenga vizuri." Dada, nilivimba kama chura.

Kisha kuku wakaanza kupungua, muchana kweupe. Mulango umefungwa, nyavu nzima, na ndani ni manyoya. Nikamwaga majivu nje kuzunguka ukuta ili mwizi aache nyayo. Majivu yakabaki laini kama unga. Nikamwaga na ndani. Hapo nikaona vidole vidogo vidogo, vimetoka kwenye jiwe na kurudi kwenye jiwe.

Papa Bahati akainama, akaweka pua kwenye tundu la ukuta, akaruka nyuma. Harufu ya kicheche unaijua. Akaniangalia kwa huruma, lakini huruma ikamushinda, akacheka mpaka akashika ukuta asianguke.

"Muzee, wewe si mufugaji wa kuku."

"Mimi ni nini basi?"

"Mufugaji wa vicheche! Umemujengea nyumba ya mawe, vyumba vingi, na chakula kinalala mulangoni. Hata muzungu wako hana nyumba kama hiyo."

"Si wewe uliyesema nimejenga vizuri?"

"Kwa kicheche, vizuri kabisa."

Nilimutilia moshi. Ukatoka kwenye kila tundu isipokuwa lake, na kuku ndio waliokohoa. Nilibeba udongo kichwani kutoka mbali nizibe matundu, mvua ikaufagia. Nikibomoa, mwewe anangoja. Nikiacha, kicheche anakula. Padiri alipita akaniambia niombe. Nikamujibu, "Padiri, kicheche naye anaomba, na yeye ndiye anayejibiwa." Hajapita tena. Sasa kicheche amezaa humo ukutani, na watoto wake wanaota jua juu ya mawe yangu, wanene.

Mabinti wamekwisha wote, dada. Amebaki mama yao, yule yule uliyenipa. Jicho moja limefunga, na mayai aliyaacha zamani. Ninamulaza chini ya kitanda changu. Niliwaza kutafuta kuku nyekundu ya mutu mwingine nikudanganye, lakini wewe unawajua kuku zako kwa mwendo. Ungetufukuza wote wawili. Na miguu yangu nayo si ya safari. Bustanini ninachuchumaa sawa, kusimama ndiyo vita. Ile barabara ya matope ingekuletea muzigo, si ndugu.

Kwa hiyo nisikilize, na usimupigie katekista kelele, yeye anasoma tu. Ile nyumba yangu nyuma ya yako, unayoifagia ukisema Kambale anakuja: acha kuifagia. Mwambie mutoto wako Kasereka aibomoe. Nguzo zake ni za muti mugumu, nilizikata mwenyewe ningali na mabega. Akujengee nazo lupango ya kuku. Achimbe mpaka kiwiko kizame, abananishe fito hata panya asipite, na juu afunike vizuri. Asiweke jiwe, hata moja. Huko udongo unakubali muti.

Unisalimie huyo Kasereka, na muke wake anayepika sombe bila chumvi akasema ni afya. Umusalimie mulamu wangu, bwana wako, anayekunywa pombe ya kasikisi na kuiita dawa. Na watoto wanaonijua kwa jina tu, waambie babu yao alikuwa mutu muzuri wa sura. Wewe usikatae.

Kuku yako yuko hapa mbele yangu ninapoandika. Anakwaruza jiwe. Kila siku anakwaruza palepale, anainua kichwa, anaangalia kwa lile jicho moja, anakwaruza tena. Ninamuambia, mama, hapa hakuna udongo. Hasikii. Ni wa kwenu huyo.

Ni mimi mudogo wako, uliyemuangusha,

Kambale