Krismasi Bila Ng'ombe

Jumapili, 1 Desemba 2024

Majilio yameanza. Padri kasema tutayarishe mioyo. Mimi nimetayarisha bajeti.

Nimetangaza mezani: mwaka huu hatuchinji ng'ombe. Mbuzi mmoja anatosha, yule niliyemnunua Oktoba kabla bei hazijapanda. Yuko kwa mama mkwe huko Uru, anakula majani ya migomba bure. Nyumba hatupaki rangi. Nguo mpya hakuna, Violet atavaa gauni la kipaimara, nitalishusha pindo. Kila anayepanda Uru aje na kitu kimoja: mchele, mafuta, sukari. Mbege, pombe yetu ya ndizi, atapika Mama. Basi. Sitaki tena kuingia Januari tunatazamana kama wafiwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mwambie Mchaga Krismasi bila ng'ombe uone! Lakini Baba Violet akatafuna kiburu chake cha ndizi na maharage taratibu, akameza, akasema sawa.

Sawa! Primus! Mwanaume aliyewahi kuuza pikipiki ili tuchinje! Miaka kumi na sita ya ndoa sijawahi kushinda kirahisi hivi. Kuna kitu.

Jumatano, 4 Desemba

Bado anakubali. Nimejaribu kusudi — nikasema hata kreti la soda tuache, watoto wanywe juisi ya parachichi, si tunazo shambani. Akasema wazo zuri. Wazo zuri!

Leo gereji anayofanyia kazi imefungwa saa kumi. Yeye kafika saa moja kasoro. Eti gari la mteja lilisumbua. Viatu vina udongo mwekundu, mzito, umeganda kwenye soli. Hapa Majengo mjini sisi tuna vumbi. Udongo ule ni wa juu, wa Uru. Nimeukwangua kwa kisu nikauangalia mwangani. Mimi na akili zangu.

Kaenda Uru katikati ya wiki kufanya nini? Na kwa nini asiseme?

Jumamosi, 7 Desemba

Nilikuwa natafuta mwavuli kwenye pikapu. (Uongo. Nilikuwa napekua.)

Chini ya kiti kulikuwa na gazeti limeloweshwa maji. Ndani yake jani la isale, bichi kabisa, limefungwa fundo.

Nikakaa pale pale kwenye kiti cha dereva. Isale mtu habebi kwa urembo. Ni jani la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo tunaloombea msamaha. Ukiletewa isale huna ujanja, lazima usamehe. Makosa madogo watu huombana msamaha kwa mdomo, yakaisha. Anayekata isale ana kosa kubwa. Kwa hiyo mume wangu ana kosa kubwa, na linaloweshwa maji lisinyauke!

Nimelirudisha kama lilivyokuwa. Nikampigia Winfrida wa kikundini. Akasema mwanaume akikubali bajeti yako bila kelele, ujue ana bajeti nyingine pembeni. Ahsante sana Winfrida, umenisaidia mno.

Ana mwanamke? Ana mtoto? Anakuja kunipigia magoti mbele ya ukoo mzima, sikukuu yote iwe ya kwangu kulia?

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimepanda Uru peke yangu na bodaboda, kisingizio ni kumpelekea Mama ulezi wa mbege.

Shikamoo Mama. Marahaba, mbona hukuja na mwenzio? Nikasema amechoka. Akanitazama. Mama Salvina anajua kutazama, macho yake yanakaa juu yako kama mkono.

Bandani mbuzi ni WAWILI. Wa kwangu, wa kahawia. Na beberu mweupe, mnene, hana doa hata moja. Nikauliza huyu wa nani. Akajibu ni wa nyumba hii. Nikauliza nani kamleta. Akasema mbuzi ni mbuzi, shika panga ukamkatie majani, kata kwenye ule mgomba ulio nyuma ya jiko.

Nikasema ule bado mchanga, ngoja nikate mwingine kule chini. Akarudi kupepeta ulezi. Nikaenda nikakata kule chini.

Isale na beberu asiye na doa. Hapa hakuna mchezo. Na mama yake anajua!

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemsikia anaongea na simu bafuni. Bafuni! Maji yanamwagika ndoo imejaa zamani. Nikasikia maneno mawili matatu: atakuja mwenyewe getini kumpokea, wengine wasiambiwe kwanza.

Alipokuwa anakula nikachukua simu yake. Namba imeandikwa "Mwanza" tu. Mwanza! Amempata Mwanza mwanamke gani, na safari zake zote zinaishia Bomang'ombe kununua spea?

Halafu, nikiwa bado nimeishika simu, ikanijia. Mwanza tuna mtu mmoja tu. Shemeji Sirili. Kaka yake mkubwa.

Nilitakiwa kufurahi. Hakuna mwanamke! Badala yake nikairudisha simu pale pale, nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Jumapili, 15 Desemba

Komunyo leo sikupokea. Nimesingizia kikohozi.

Acha niandike, daftari halina mdomo.

Krismasi ya mwaka 2021. Tulichinja ng'ombe mkubwa. Kidari kwa ukoo wao ni cha mkubwa wa nyumba, na tangu Baba mkwe afariki mkubwa ni Shemeji Sirili. Gari lake liliharibika Singida, akawa bado hajafika. Primus ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyama. Akakitundika kidari jikoni, akatuambia wote kisiguswe.

Mchana, wengine wote wako kwa jirani kunywa mbege, wakaja wenzangu wa kikundi, sita, hawakuarifu kama watakuja. Nyama ya wageni ilikuwa imeisha, zimebaki kwato na utumbo. Nami nilishajisifu kikundini kwamba kwetu Uru Krismasi nyama haiishi. Nikaona aibu. Nikakishusha kidari, nikakikata, nikawachomea. Wakala wakasifu. Nikajisikia mtu.

Shemeji akafika jioni na watoto wake. Akauliza kidari chake. Primus akaapa hakukigusa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Nikajikausha. Shemeji akasema mdogo wake amekula kiti cha baba yao huku yeye mkubwa bado yu hai, maana nyama ni nyama lakini kidari ni heshima. Akageuza gari usiku ule ule. Hajakanyaga Uru tena. Krismasi mbili zimepita, Mama anaweka sahani yake mezani, anaiondoa ikiwa tupu.

Na hii Krismasi bila ng'ombe — nitamdanganya nani hapa — si bajeti tu. Bila ng'ombe hakuna kidari cha kugombewa. Kile kidogo cha mbuzi Mama atakula, hakuna atakayekumbuka kuuliza. Bajeti imenisaidia kujificha.

Ijumaa, 20 Desemba

Kaniambia mwenyewe leo, tunapakia mchele kwenye pikapu. Shemeji Sirili anakuja tarehe 24. Beberu kamnunua yeye Primus kwa fedha ya kazi za ziada, ndiyo maana alikuwa anachelewa. Isale kakata mpakani, pale alipopanda baba yao. Hakutaka kuniambia mapema kwa sababu ningesema bajeti.

Nikamuuliza anaomba msamaha wa nini wakati hakukila. Akafunga kamba ya gunia kwanza.

"Nitasema nilikula mimi. Miaka mitatu nimekuwa na haki, na imenisaidia nini? Mama anazeeka."

Pale ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ni kuingia tu. Nikamuuliza kama mafuta ya kula ameshayapakia.

Akasema ameshayapakia.

Najidharau.

Jumatatu, 23 Desemba

Tuko Uru. Kila mtu kaja na kitu chake kimoja kama nilivyopanga. Wifi Stella kaleta sukari. Hakuna anayekimbizana, hakuna anayegombana, hata sauti hazijapanda. Stella kasema sijawahi kuona Desemba tulivu namna hii, wifi zangu wote waje wajifunze kwako, Mama Violet. Kila akinisifu nahisi ananichunguza. Kwa nini kanisifu mara tatu? Anajua?

Mama naye mpole kupita kiasi. Kanipa kipande cha ndizi choma kwa mkono wake. Hajawahi.

Nimepanga: nitamwambia Primus kesho asubuhi. Au baada ya sikukuu, watu wakishaondoka, tukiwa wawili. Akishasamehewa imekwisha, kuna haja gani ya kufukua?

Jumanne, 24 Desemba

Naandika haraka. Nimejifungia chumba cha nyuma, nimesema nabadilisha nguo.

Mchana huu Mama aliniita jikoni. Mtori wa ndizi unatokota, nikadhani anataka nionje chumvi. Akafunga mlango. Akafungua khanga kiunoni akatoa isale, lile lile, lenye fundo. Kalichukua kwenye pikapu ya Primus.

"Ule mgomba wa nyuma ya jiko, niliupalilia mwenyewe mwaka ule. Nikakuta mifupa ya kidari. Mbwa hachimbi shimo akalifukia. Na tangu hapo wewe hukati jani kwenye mgomba ule."

Miaka mitatu! Miaka mitatu ameiona sahani tupu ya mwanawe na ameniona mimi nikiiosha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nililia, sikumbuki vizuri nilivyouliza.

Akasema angesema yeye ningekuwa mwizi nyumbani kwake. Nikisema mwenyewe nabaki kuwa mkwe. Alikuwa anangoja. Sasa mwanawe mdogo anakwenda kupiga magoti kwa uongo, na yeye hawezi kungoja tena. Akanifumba vidole juu ya jani, akarudi kukoroga mtori.

Hakuniambia niende nalo getini. Hakuniambia nisiende.

Kuna gari linapanda, nalisikia linabadilisha gia pale kwenye kona ya kanisa. Watoto wanapiga kelele kwamba ni Baba Mkubwa. Dirishani namuona Primus ameshika kamba ya beberu, kavaa shati lake la zamani nililolipiga pasi asubuhi. Ananyoosha shingo kuelekea pikapu. Kafungua mlango, anainama chini ya kiti, anapapasa. Amefunua mpaka zulia.

Geti linafunguliwa.

"Mama Violet! Hujaona jani langu?"

Ninalo hapa. Nimeliweka juu ya ukurasa huu, limelowesha wino. Anaita tena, na kitasa cha chumba hiki nimeshakishika kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia bado unaandika