Springi za Gari la Mama Keza

Gatsata, Kigali
Jumapili

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwa simu tumeamkiana sana mwezi huu na bado sijakwambia kitu. Mguu wako umepungua kuvimba, au bado unasimama jikoni kutwa kuwapikia wanaokuja kutoa pole? Watoto wamerudi shule? Mimi mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Tangu Mama afariki nina ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila hausikii. Sijalia hata mara moja. Kule Nyamirambo ninapopanga, majirani walikuja kunipa pole, nikajikuta mimi ndiye ninayewakaribisha chai na kuwauliza habari za biashara.

Barua hii anakuletea Saidi, yule dereva wa mtaani kwenu anayeleta mchele Kigali. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Isome peke yako kwanza, halafu utaamua mwenyewe nani mwingine aisome.

Nataka nikueleze zile siku tatu. Najua utasema, huyu naye, anaulizwa habari za msiba anajibu habari za springi. Nivumilie. Nikianza na Mama kalamu inasimama.

Unajua kazi yangu kwenye gereji ya Mzee Gaspard ni springi tu. Wenzangu wana injini na umeme, mimi niko kona ya nyuma na vyuma vyangu. Wiki moja kabla Mama hajaanguka alikuja mteja, Mama Keza, mwalimu mstaafu anayekaa Kiyovu. Ni Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, hata matusi anayajua. Ana pikapu, na alinunua kijumba cha kulalia kwa mzungu aliyekuwa anahama, kile kijumba kinachopandishwa mgongoni mwa gari. Ndani kina kitanda, jiko la gesi, makabati na tangi la maji. Anataka aende nacho na mumewe mpaka Karagwe, wakalale mbele ya shule aliyosomea. Mumewe anamcheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama gari lilivyokaa chini nyuma, tairi zinakaribia kugusa bodi.

Springi za gari kama lile ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kila cha chini kifupi kuliko cha juu yake. Sisi tunaviita majani. Lake lilikuwa na majani manne kila upande, yamechoka, yamenyooka. Nikatafuta mengine kwenye chuma chakavu yenye upana uleule, nikayagonga upya mpaka yakapata mkunjo, nikaongeza mawili kila upande. Gari likasimama vizuri na mimi nikajisifu. Siku mbili baadaye likarudi limelala upande wa kulia. Nilikuwa nimepima kijumba kikiwa kitupu, Dada. Tangi halina maji, mtungi wa gesi haupo, makabati hayana hata sufuria. Na tangi na jiko vyote viko kulia. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na saba.

"Ulidhani njiani tutakunywa hewa, fundi?" Mama Keza akaniuliza.

Mzee Gaspard naye, ambaye Kiswahili chake unakijua, akatikisa kichwa. "Wewe iko unapima nyumba kama watu haiko ndani?"

Wakanicheka siku nzima, na walikuwa na haki. Tukakubaliana nifungue kila kitu nianze upya, safari hii upande wa kulia upate jani moja zaidi ya kushoto.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa juu ya magogo, springi zote mbili ziko chini, ndipo ulipopiga. Ukasema Mama ameanguka uani, upande mmoja hausogei, mdomo umekwenda pembeni, mko hospitali, nije. Nikasema nakuja. Nilipolisema lile neno nilikuwa nalimaanisha. Mchana nikakupigia, nikakwambia tajiri amenikatalia, amesema gari la mteja lisipotoka na mimi sitoki. Ukasonya. Ukasema Mungu atamlipa mtu asiyejua kwamba na yeye alizaliwa.

Dada, si kweli. Mzee Gaspard hakunikataza.

Nilipomwambia habari ya Mama, alivua kofia yake. Akasema, "Mama yako iko mugonjwa, na wewe iko hapa unashika nyundo? Genda. Gari itangoja." Genda kwao ni nenda. Akampigia Mama Keza papo hapo kumweleza, na yule mama akaomba apewe mimi kwenye simu. Akaniambia, "Nenda mwanangu, Karagwe haihami." Kwa hiyo walioweza kunizuia walikuwa wawili tu, na wote walinifukuza.

Nikasema nakunja hili jani moja la upande wa kulia, halafu naenda Nyabugogo kupanda basi. Nikalikunja. Nikaona halilingani na mwenzake, nikalirudia. Basi likaondoka. Nikasema kesho asubuhi. Jumanne asubuhi nikapita kazini kuwaonyesha wenzangu nilipofikia ili wamalizie, nikaanza kuwaonyesha kwa kufanya, na nilipotazama saa ilikuwa alasiri. Mzee Gaspard akapita akaniangalia, akauliza, "Haujaenda?" Nikamwambia umesema Mama anaendelea vizuri. Ulikuwa hujasema hivyo. Siku ile nilikwangua kutu kwenye majani ambayo hayakuwa na kutu.

Niliogopa. Nimelitafuta neno jingine mwezi mzima sijalipata. Uliposema mdomo umekwenda pembeni na maneno hayatoki, nilijiona nimesimama mbele ya kile kitanda sijui nishike wapi. Mama yetu aliyekuwa akimwita mtu toka uani mpaka mtaa wa pili anasikia. Nikaona ni heri nibaki mahali ninapojua la kufanya. Chuma nikikigonga kinanijibu, kikiwa na ufa nausikia. Mama alikuwa akituambia kawia ufike. Mimi nilikawia tu.

Jumatano asubuhi nikafunga springi. Tukajaza tangi, tukaweka mtungi, mume wa Mama Keza akakaa ndani kwenye kitanda ili gari lipate uzito wake halisi, nami nikaendesha. Tukapanda Kimihurura, tukapita pale kwenye jumba la mikutano, tukaenda mpaka Kiyovu kwenye barabara za mawe, tukarudi. Gari lilinyooka, Dada, sina la kuficha, ilikuwa kazi nzuri. Baada ya mwendo wa kwanza lazima ukaze tena zile yubolti zinazoishika springi kwenye ekseli, kwa hiyo alasiri nikaingia chini. Nilikuwa nimebakiza nati nne, shemeji akapiga. Nikamsikiliza, nikasema innalillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaiweka simu kifuani nikazikaza zile nne. Naweza kukwambia hadi leo kila moja ilizunguka mara ngapi. Nilipotoka, Mama Keza alinitazama usoni akakaa chini kwenye tairi kuukuu na gauni lake safi. Mzee Gaspard alinishika mabega akasema "Ihangane, ihangane," yaani vumilia, na hakuniuliza kwa nini nilibaki. Kesho yake adhuhuri mkamzika. Nisingewahi tena hata ningeruka.

Yote hayo ningeweza kuyanyamazia. Nakwambia kwa sababu ya ile simu yako ya wiki iliyopita. Ulikuwa na sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Ukasema tajiri wangu alikupigia siku ya tatu ya msiba kukupa pole, na wewe ukampa zake: kwamba yeye ndiye aliyeninyima ruhusa, kwamba pole yake akakipe chuma chake, kwamba unamwombea kila sala ya alfajiri na siyo dua njema. Ukasema alikosa la kujibu. Mimi nilikuwa sijui kama alikupigia. Namba yako niliiandika kwenye daftari la gereji siku niliyoajiriwa, ya mtu wa kupigiwa nikipata ajali.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata kwenye kile chumba chake kidogo. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Yego," akasema, yaani ndiyo. "Alinisema sana dada yako. Iko na kinywa ule." Akacheka kidogo.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Mutu ya msiba unamuacha aseme."

"Lakini anakuombea mabaya, Mzee. Na hukunikataza."

"Hiyo haiko ya mimi kusema, Ramazani. Iko ya wewe." Akafuta miwani yake muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi wangu sikuwazika. Hata pahali sijui. Dada yako alimuzika mama yake vizuri na bado iko na uchungu. Mimi nitamukasirikia?"

Hapa Kigali mtu mwenye umri wake akisema hivyo humuulizi zaidi. Nikarudi kwenye kona yangu. Nilitegemea nitalia, maana nilijua hapo ndipo mahali pa kulia. Nikachukua nyundo.

Na kwenye simu ileile uliniambia jambo jingine, ukalipitia haraka kama jambo dogo. Ulisema Jumatano asubuhi Mama alikuwa anaonyesha mlango kwa ule mkono wake mzima, anaonyesha tena na tena, ukajua ananiulizia. Ukamwambia, "Ramadhani yuko njiani Mama, ameshafika Kahama." Ukasema akashusha mkono akatulia.

Nimeupigia hesabu wakati wenyewe. Uliposema nimefika Kahama, nilikuwa napanda mlima wa Kimihurura na maji ya watu wengine mgongoni, natazama kwenye kioo kama gari limenyooka. Wewe ulimdanganya kwa huruma, mimi nilikudanganya kwa woga, na kati yetu Mama akaondoka anaamini nakuja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye karatasi hii.

Umeniambia siku ya arobaini nitakaa mbele, niwe mwenye msiba, mtoto wa mwisho aliyeonewa ugenini. Umeshawaambia watu hivyo, na najua uliwaambia kwa kunipenda. Naomba mahali hapo akae shemeji. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Mimi nitakaa popote, hata nikiambiwa niteke maji ya kutawadhia watu nitateka. Na kabla ya siku hiyo naomba umpigie Mzee Gaspard. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hiyo ni yangu. Mwambie tu umeshajua. Na zile dua za alfajiri, kama lazima zimwangukie mtu, jina langu unalo.

Sikuombi uniandikie kwamba umenisamehe. Nakuogopa wewe sasa kuliko nilivyomwogopa Mama pale kitandani, lakini safari hii woga nimeuambia mapema ubaki Kigali.

Nisalimie sana shemeji, na umwambie sauti yake siku ile ilikuwa ya upole na sijamshukuru. Nisalimie Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja aliyemwosha Mama, na Shangazi Tatu aliyekuja toka Urambo na magoti yake mabovu. Wanao wote wabusu. Yule wa mwisho anayeniita Mjomba Nyundo mwambie hilo jina nimelisikia. Mama Keza anakusalimu pia, ijapokuwa humjui. Walishaondoka kwenda Karagwe, na juzi alipiga kuniambia gari linakwenda vizuri. Nikamwambia ahsante.

Basi langu linatoka Nyabugogo Alhamisi alfajiri, na arobaini ni Jumamosi. Nitakuwa nimeshafika, Mungu akipenda. Lakini mtu akikuuliza siku hiyo ya Alhamisi, Dada, usimwambie niko njiani. Ngoja unione mlangoni.

Mdogo wako,
Ramadhani