Saa ya Félix Imefika Alby

Mwaka umetimia, Félix, tangu urushe ndege yako kwenda kulinda meli za chakula vitani, usirudi. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Ninayeandika kwa niaba ya wote ni mimi, mama yako mdogo Elise.

Ulizaliwa Queensland, Australia, wazazi wako walikofikia baada ya kuikimbia Burundi. Baba yako alipofariki, mama yako na dada yako Denise walihamia kwetu hapa Alby, kando ya Stockholm. Wewe ulibaki, jeshi lilikuwa tayari linakufundisha urubani. Na rubani mwenyewe aliogopa lifti! Ukija likizo ulipanda ngazi ghorofa saba, ukafika unahema, ukaomba maharage na ndizi, kisha ukaosha sufuria zote kabla hujaambiwa.

Ila Jumapili ulitutesa. Simu uliyompigia mama ililia padre akiwa katikati ya mahubiri. "Mamma, stäng av!" Denise alinong'ona kwa Kiswidi, akimsihi mama azime. Mama hakuzima. Alitoka nje, akarudi anatabasamu, nasi tukamnunia.

Kisha ikaja barua ya Liam, rubani mwenzako. Ndege yake ilikuwa imepigwa, na maadui wawili walikuwa nyuma yake. Uligeuka ukawavuta wakufuate wewe. Kwenye redio ulimwambia, "Tangulia, nakuja." Yeye alifika. Wewe bahari ilikuchukua, na mpaka leo haijakurudisha.

Neno hilo mama yako alilishika kwa mikono miwili. Hapakuwa na mwili wa kuzika, akakataa tuanue matanga. "Mtoto kasema anakuja," alisema, "nimfungie mlango?" Hakusuka nywele, hakwenda harusi ya mtu, hakulia. Kila Jumapili kanisani simu ilikaa mapajani mwake, imewashwa. Ilituuma sana.

Alikuota. Ulitua juu ya ziwa la Alby na maji hayakutikisika, ukaingia jikoni viatu mkononi, ukakaa. Asubuhi alishuka ziwani akatazama ukungu mpaka ukainuka wote. Alirudi viatu vimelowa, akachemsha chai ya watu wawili.

Mwezi huu Liam alikuja mwenyewe, na saa ya mkononi uliyoiacha kabatini mwako kambini. Ilikuwa bado inatembea. Uliitega kwa wakati wa Stockholm, ila ilikuwa nyuma kwa saa moja. Kwenu Queensland saa hazisogezwi majira ya joto, nawe hukujua kwamba zetu husogezwa. Kumbe ulidhani unampigia mama saa tatu, kabla ya misa, na kwetu ilikuwa saa nne tayari! Mama yako alicheka, Félix. Alicheka mpaka akalia, na kilio hicho tulikisubiri mwaka mzima.

Jumapili iliyopita, mlangoni mwa kanisa, aliisogeza saa yako mbele, akaivaa. Kisha akazima simu. Denise alimshika mkono wakaingia.

Jumamosi hii tunaanua matanga, nyumbani kwetu Alby. Unakumbukwa na mama yako Prudence, dada yako Denise, mimi na baba yako mdogo Onesphore, na Liam, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Neno la mwisho mama yako ameomba liwe lake:

"Tangulia, mwanangu. Safari hii sisi ndio tunaokuja."