Damu ya Mbuzi wa Epuyo

Jumatatu, 10 Juni 2013 — Lodwar
Mashine ya kuhesabu chembe za damu imefika! Daktari Cornelius, bosi wangu hapa maabara ya mifugo, ameifungua mwenyewe, akaijaribu kwa damu ya mbwa wake. Dakika moja tu — chembe zote zimehesabiwa. Mimi na darubini ni nusu saa kwa mnyama mmoja, na shingo inauma. Miaka mitatu hivyo. Sasa nitapumzika.

Jumatano, 12 Juni — Kakuma
Kwa Epuyo, mfugaji. Anawauzia wakimbizi maziwa. Mbuzi wake wawili walikufa wiki jana, anahofia waliobaki. Kumi na mmoja. Nimewatoa damu wote, mmoja amenipiga teke gotini. Kope nimezifunua — nyekundu ndani, safi, damu ipo. Halafu chai kwa Adau, mama wa Sudan Kusini anayenunua maziwa hayo. Tamu sana. Nimerudi Lodwar na boksi la barafu mapajani, chupa za damu ndani.

Alhamisi, 13 Juni
Mashine inasema wote kumi na mmoja hawana damu ya kutosha. Hata robo hawafikishi. Daktari akasema ni ugonjwa, wachinjwe kesho kabla hawajaambukiza wa jirani. Epuyo hana simu, nikampigia Adau, akampa. Epuyo akasema: “Mbuzi yangu iko na damu. Si uliona macho?”
Niliona.

Ijumaa, 14 Juni
Nimefika kazini kabla ya watu. Chupa zilezile, darubini yangu ya zamani. Mbuzi wa kwanza — chembe milioni kumi na nne. Mzima kabisa. Wa pili, kumi na tatu. Wa tatu vilevile.
Nikaitazama mashine vizuri. Juu ya kioo, kapicha ka mbwa. Hatujaibadilisha tangu Jumatatu! Chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo mno kuliko za mbwa, mashine ikazidhania ni zile za kugandisha damu. Mimi ndiye niliyebonyeza jana. Sikuangalia.
Daktari alipoingia nikamwambia yote, kosa langu kwanza. Hakufoka. Akavuta stuli, akainamia darubini, akahesabu midomo ikicheza. Muda mrefu. Akabadilisha picha, tukapitisha damu upya. Kumi na nne.
“Niliiacha kwa mbwa mimi,” akasema. “Piga Kakuma, Jelagat. Haraka.”
Adau akapokea. Nyuma yake watu wanabishana. Mchinjaji amefika tangu saa mbili, Epuyo amekalia mlango wa zizi, hataki kuondoka. Mbuzi wote wapo. Nikamwambia ampe simu.
Nikamweleza Epuyo taratibu. Wako wazima. Wawili wale bado hatujui kilichowaua, nitakuja tena Jumatatu. Akanisikiliza mpaka mwisho.
“Mashine ndiyo ilikuwa mgonjwa,” akasema.
“Hapana. Sisi.”
Akacheka, kicheko kirefu, huku mbuzi wakisikika. Halafu akauliza huyo daktari mkubwa yuko wapi, ana neno naye. Daktari alikuwa amesimama karibu, amesikia. Akafuta miwani, akanyoosha mkono apewe simu.